Wiki ya ubingwa Ureno, na goli la Geny

Ijumaa, 9 Mei 2025. Lisbon

Nimetua mchana nikitokea Rotterdam. Mwenyeji wangu kaja kunipokea, jamaa wa Mocímboa da Praia, kule kaskazini ya Msumbiji ambako ukisema Kiswahili hakuna anayekushangaa. Anaishi Amadora na familia yake, na hata hatujafika kwenye metro ashaanza: "Kaka umekuja wiki yenyewe."

Kweli nimekuja wiki yenyewe. Ligi Kuu ya Ureno imebakiza mechi mbili kati ya 34, Sporting ana pointi 78, Benfica ana 78, na kesho wanakutana nyumbani kwa Benfica. Wale waliozoea kuangalia tofauti ya magoli, huku ni tofauti, timu zikilingana pointi wanaangalia kwanza mlivyokutana nyie wawili. Na tarehe 29 Desemba Sporting alimfunga Benfica 1-0 pale Alvalade, uwanja wake, goli la Geny Catamo, kijana wa Maputo. Kwa hiyo Sporting akishinda kesho ni bingwa, Benfica akishinda kwa mabao mawili ni bingwa, wakitoa droo Sporting anabaki juu kwa ajili ya lile goli moja la Desemba. Mwenyeji wangu analiita "goli letu", utadhani alitoa pasi yeye.

Tena huyu Geny hajaanza juzi kuwaliza hao watu. Aprili mwaka jana, Sporting na Benfica palepale Alvalade, alifunga dakika ya kwanza, akarudi akafunga tena dakika za nyongeza, 2-1, na ubingwa wa msimu ule ndo kama ulifungwa siku ile.

Usiku nimemwamkia baba mkwe wa mwenyeji, mzee wa Beira, yupo Ureno tangu miaka ya sabini. Huyu ni Benfica mpaka kwenye mifupa. Nyumba moja hiyo, meza moja. Mke wa jamaa kasema kesho yeye anaenda kwa dada yake, hataki kesi.

Jumamosi, 10 Mei. Dabi

Tiketi usiulize. Mechi kama hii zinaishia kwa wanachama wenye kadi, zinazobaki nje bei yake unanunua pikipiki. Lakini nilitaka kuiona ile hali, so saa nane mchana tumepanda metro ya buluu kutoka Amadora tukashuka Colégio Militar. Luz, uwanja wa Benfica, unaingiza mashabiki zaidi ya elfu 60, na mchana ule nadhani wote walikuwa wamesimama kwenye njia moja. Nje kuna magari ya chakula yamejipanga, moshi mtupu, wanauza bifana, yani mkate na nyama ya nguruwe, sisi wawili tukapita kwa heshima tukaenda kula pai za samaki bacalhau mbele huko.

Sanamu ya Eusébio, mfungaji mkubwa wa Benfica aliyezaliwa Msumbiji, ipo pale nje, watu wanaifunga skafu, wanapiga picha na watoto. Mzee wetu alitaka tuanzie hapo. Kasimama muda, akaniambia (jamaa akitafsiri) kwamba kabla ya Eusébio kulikuwa na Coluna, naye wa Msumbiji, alifunga kwenye fainali zote mbili Benfica ilipochukua kombe la Ulaya 1961 na 1962, na watu wanamsahau. Mwenyeji wangu hapohapo akadakia, na Hilário je, beki wa kushoto wa Sporting miaka na miaka, huyo naye wa wapi? Mzee akacheka. Nimegundua ubishi wao wote ndo huu: nani kati ya hizi timu mbili kafaidi zaidi kwa watoto wa Msumbiji. Eusébio mwenyewe alitokea Sporting ya Lourenço Marques, yani Maputo ya leo, tawi la Sporting kule, halafu akaishia Benfica, na mpaka leo ukitaka kuharibu chakula cha jioni nyumba hii we taja hiyo habari tu.

Mechi yenyewe tumeangalia kwenye mgahawa mdogo kama dakika kumi kwa miguu kutoka uwanjani, saa kumi na mbili jioni. Tumeagiza kahawa ya maziwa, wengine wote bia na karanga zao za njano zile wanazomenya kwa meno. Dakika ya nne tu Trincão kapiga, 1-0 Sporting! Mgahawa mzima kimya isipokuwa huyu mpumbavu niliyekuja naye, karuka. Mi nimeangalia chini. Mashabiki wa Benfica wakamtazama, mmoja mzee akamwambia kitu kwa Kireno, jamaa akakaa.

Kuanzia hapo ni Benfica wanasukuma. Si kwamba walicheza vibaya, ila Sporting ya kocha Rui Borges ikiongoza inajua kukaa. Kipindi cha pili Pavlidis akahangaika na mabeki pale ndani, mpira ukamkuta Aktürkoğlu, 1-1, dakika ya 63. Hapo mgahawa ukarudisha uhai, kuna dada alikuwa anapangusa meza kaacha kazi kabisa. Nusu saa iliyobaki sijui nielezeje, kila kona ni kama penati. Ikaisha hivohivo.

Hakuna bingwa. Zote pointi 79, mechi moja imebaki, na juu yupo Sporting kwa lile goli la Geny. Mzee alitembea mpaka metro bila kusema kitu, halafu kwenye ngazi akauliza: "Wiki ijayo wao wanacheza na nani?" Vitória ya Guimarães, nyumbani. "Na sisi?" Braga, ugenini. Kanyamaza tena.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya kupumzika. Asubuhi tumeenda Panteão, kanisa kubwa jeupe lenye kuba juu ya Alfama, Eusébio amezikwa humo. Alifariki Januari 2014, mwaka uliofuata wakamhamishia hapo wanapolala marais na waandishi. Mtoto wa mtaa wa Mafalala, Maputo. Nimesimama pale nikawaza mambo mengi ya ukoloni ambayo sitayaandika hapa maana hii ni safari ya mpira.

Mchana chakula Martim Moniz, biriani ya Wabangladeshi, safi sana na halali. Hapo ndo jamaa kanipa msimu wote toka mwanzo, na mi nauweka kwa kifupi kwa ambao hawakufuatilia.

Sporting walianza na kocha Rúben Amorim, wakashinda mechi 11 za kwanza za ligi zote. Zote! Novemba wakampiga Manchester City 4-1 Ulaya, siku chache baadae wakaenda Braga, wakafungwa mbili kwanza, wakarudisha wakashinda 4-2, na hiyo ndo ikawa mechi ya mwisho ya Amorim, akaondoka kwenda Manchester United. Wakampandisha João Pereira kutoka timu B. Mambo yakaharibika kwa spidi ya ajabu, wakafungwa na Santa Clara nyumbani, wakafungwa na Moreirense, droo na Gil Vicente, na siku ya Krismasi inapita kijana wa watu hana kazi. Wakamchukua Rui Borges, kutoka wapi? Guimarães! Katikati ya msimu. Mechi yake ya kwanza kabisa ni hiyo dabi ya 29 Desemba, goli la Geny. Ya pili ya ligi akarudi Guimarães kwa aliowaacha siku chache kabla, ikaisha 4-4, Sporting wakisawazisha dakika za nyongeza.

Benfica nao walimfukuza kocha Roger Schmidt mwisho wa Agosti, msimu una mwezi tu, akarudi Bruno Lage. Wamekuwa wazuri, wamempiga Porto 4-1 nyumbani na 4-1 ugenini, nani amewahi kufanya hivo. Lakini Januari wakaenda kufungwa 3-1 na Casa Pia, timu ambayo hata uwanja wa kuchezea Lisbon haina inasafiri mpaka Rio Maior, na Aprili wakatoa droo 2-2 na Arouca nyumbani. Pointi za hivi ndo zinaumaga.

Halafu kuna ile ya Madeira. Oktoba Benfica walienda kucheza na Nacional, uwanja uko juu mlimani, ukungu ukashuka dakika chache tu mechi imeanza, hamna anayeona goli, mechi ikasimamishwa wakaja kuimalizia Desemba. Mzee anasema ukungu ule ulikuwa wa Sporting.

Jumatatu, 12 Mei. Kuelekea Porto

Wafanyakazi wa reli wamegoma, treni za kubahatisha, basi likawa ndo jibu. Stendi ya Sete Rios imejaa hasa, maana kesho ni 13 Mei na watu wanaenda hija Fátima, akina mama na mito yao na kofia zao. Nimepata siti ya nyuma kabisa karibu na choo. Masaa matatu na nusu. Nimelala.

Jumanne, 13 Mei. Porto

Porto wanakuambia wazi: huko Lisbon wamewahi kupewa vyote, sisi tunatafuta wenyewe. Sasa mwaka huu hawana hata cha kutafuta. Pinto da Costa, aliyekuwa rais wao kuanzia 1982, alishindwa uchaguzi mwaka jana na Villas-Boas, yule aliyekuwa kocha wao, na Februari mwaka huu mzee akafariki. Miaka 42 mtu mmoja! Wengine hapa wamezaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, rais ni yuleyule. Kocha Vítor Bruno walimtimua Januari wakamleta Muajentina Martín Anselmi, na nafasi ya tatu ndo hiyo wanayomalizia. Muuza magazeti karibu na soko la Bolhão nilimuuliza, Jumamosi hii anamtaka nani awe bingwa kati ya wale wawili? Kaniangalia kama nimemtukana mama yake.

Jioni nimepanda mpaka Bessa, uwanja wa Boavista. Hii ndo iliyoniuma zaidi ya vyote safari hii. Boavista ni bingwa wa 2001 jamani, timu pekee nje ya Benfica, Sporting na Porto kuchukua ligi tangu Belenenses 1946. Zile jezi zao za mraba mweusi na mweupe nilizipenda nikiwa mdogo. Leo wako mkiani, madeni, walishafungiwa kusajili na FIFA, na Jumamosi wanaweza kushuka. Nje kuna wazee wanne wamekaa kwenye kijiwe wanacheza karata, nikawasalimia kwa Kireno changu cha kuokoteza, nikasema "Boavista, campeão, 2001." Mmoja akanionyesha vidole viwili, kisha sifuri, sifuri, moja, kama anamfundisha mtoto kuhesabu, wote wakacheka. Wakanikaribisha kiti.

Jumatano, 14 Mei. Guimarães

Ukitaka kuona shabiki wa kweli Ureno njoo huku. Sehemu nyingine yoyote ya nchi mtu anazaliwa kijijini kwao, timu ya kijiji ipo, ila yeye ni Benfica au Sporting au Porto, ya kwao anaipenda pembeni kama ndugu wa mbali. Hiki ndo kinachoiumiza hii ligi kuliko chochote, timu 18 lakini mashabiki wa timu tatu, viwanja vya wengine vinajaa siku wakubwa wakija tu, na waliojaa wenyewe ni wageni. Guimarães hapana. Hapa ni Vitória, basi. Madirishani Vitória, kinyozi Vitória, na uwanja una jina la Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa nchi, maana wanasema Ureno ilizaliwa hapahapa, imeandikwa kwenye ukuta wa mji kwa herufi kubwa.

Sasa Jumamosi Vitória ndo wanaenda kuamua ubingwa pale Alvalade, dhidi ya kocha aliyewakimbia Desemba. Nikadhani wangekuwa wanawaza kulipiza kisasi. Nimekaa kwa fundi viatu mmoja anayeongea Kifaransa, kanisahihisha: Rui Borges apate asipate shauri yake, sisi tunataka nafasi ya tano twende Ulaya. Anayewasumbua ni Santa Clara, timu ya visiwa vya Azores, imepanda daraja msimu huu na wanagombania nafasi hiyohiyo. Fundi anasema kufungwa na Porto anaelewa, ila Santa Clara, hapana, akagonga kisigino kwa hasira mpaka nikahurumia kiatu.

Alhamisi, 15 Mei. Braga

Fupi tu kwa sababu mvivu nimechoka. Uwanja wa Braga umechongwa kwenye machimbo ya mawe, majukwaa mawili tu pembeni, nyuma ya goli moja ni mwamba mtupu, kazi ya Souto de Moura kwa ajili ya Euro 2004. Picha haziutendei haki. Nimeukuta umefungwa, nimezunguka nje, jamaa wa usalama kaniruhusu kuchungulia. Nilipiga picha nikamtumia mzee Lisbon. Kajibu kwa sauti, sekunde tatu: "Aí." Yani hapo. Hapo ndo Jumamosi.

Ijumaa, 16 Mei

Treni zimerudi. Nimerudi Lisbon.

Jumamosi, 17 Mei. Siku yenyewe

Keshokutwa, aa kesho, ni uchaguzi wa bunge, na siku ya leo sheria inakataza kampeni, watu watulie watafakari. Watafakari kwa raha zao. Kuanzia asubuhi Campo Grande, jirani na Alvalade, ni kijani na nyeupe, ngoma, watoto mabegani, na wote wameficha nusu ya uso kwa vidole vilivyofungamanishwa kama anavyoshangilia Gyökeres, mshambuliaji wa Sporting. Msweden yule msimu huu pekee ana magoli ya ligi ambayo timu nzima nyingine hazina. Mwaka jana alifunga 29, mwaka huu kapita.

Mzee kakataa kuja. Kasema ataangalia ya Braga nyumbani, peke yake, simu kazima. Sisi tumekaa mgahawa upande wa Lumiar, tivii mbili, moja Alvalade, moja Braga, na kelele za uwanjani zinafika kabla ya picha, kwa hiyo unajua goli limeingia sekunde kadhaa kabla hujaliona. Mateso ya aina yake.

Kipindi cha kwanza Alvalade hakuna kitu. Vitória wamekaa nyuma, na Sporting miguu mizito, unaona kabisa wanaogopa. Lakini tivii ya pili, Zalazar akaitanguliza Braga! Watu wakaanza kuimba mapema. Jamaa yangu akawa anawatuliza, "bado, bado", anatetemeka mwenyewe.

Mapumziko. Hamna aliyeenda chooni.

Dakika ya 55 nikasikia mlipuko kutoka uwanjani. Sekunde moja, mbili, na hapo kwenye tivii Pedro Gonçalves ndo anapiga. Pote, wanavyomuita. Huyu mtu aliumia Novemba, kwenye ileile mechi ya mwisho ya Amorim, akarudi Aprili, na goli la ubingwa kafunga yeye. Kuna baba pembeni yangu kanikumbatia, sijui jina lake mpaka leo, kanimwagia bia kwenye shati na mi sinywi.

Pavlidis akasawazisha kule Braga na pakawa na kama robo saa ya roho juu, maana Benfica wakifunga lingine na Vitória wakichomoa huku, kwisha habari. Halafu dakika ya 82, mlipuko tena, na tulishajua ni nani. Gyökeres, 2-0. La 39. Braga ikaisha 1-1. Sporting 82, Benfica 80.

Bingwa mara mbili mfululizo, kitu ambacho Sporting hawakukifanya tangu 1954. Ligi nzima wamefungwa mara mbili tu, zote kwenye zile wiki za João Pereira.

Nilipokuwa nasubiri jamaa amalize kulia (amelia, aseme mwenyewe kama naongopa) nikapiga hesabu kwenye karatasi ya mgahawa. Ile mechi ya Desemba ingeisha 0-0, Sporting angekuwa na 80 na Benfica 81. Gyökeres 39, sawa, Pote, sawa, Trincão, sawa. Lakini toa goli moja la mtoto wa Maputo, kombe liko Luz. Nikamwonyesha. Akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye pochi.

Metro haikamatiki, tumetembea mpaka Marquês de Pombal. Njia nzima ni honi na moshi wa kijani. Mzunguko wote umejaa watu, wamepanda taa za barabarani, wamepanda vibanda vya basi, na yule Marquês juu kwenye mnara wake na simba wake pembeni, hata yeye leo ni Sporting, simba si ndo nembo yao. Kama mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba, niseme ukweli nilijisikia nyumbani kidogo. Tulisubiri basi la wachezaji mpaka miguu ikagoma, nikamwambia jamaa mi naondoka, yeye abaki na mabingwa wake.

Jumapili, 18 Mei

Jamaa karudi alfajiri hana sauti. Mzee alikuwa ameshaamka, kavaa shati zuri, anaenda kupiga kura. Nimemkuta mezani na chai. Nikasubiri aseme yeye kwanza kuhusu jana, maana mi mgeni.

Kasema Casa Pia. Sio Braga, sio dabi. "Timu haina uwanja," akasema, "na inatufunga tatu." Kisha akaulizia ile karatasi, kumbe mkwewe alishamwonyesha saa kumi na moja asubuhi akiwa bado na skafu shingoni, na mzee kakubali kwamba hesabu ni sahihi, ila anataka ieleweke kuwa mtoto akifunga ni wa Msumbiji nzima, sio wa Sporting peke yake.

Wiki ijayo tarehe 25 wanakutana tena, Sporting na Benfica, fainali ya Kombe la Ureno pale Jamor. Mke wa jamaa kasema dada yake ashamwandalia kitanda. Ndege yangu saa tisa.